Mfuko ukikuangukia dukani, nani analipa?

Bandugu, mimi nilisoma agronomie, sikusoma droit. Lakini depo za Kibombo nazijua, juu mpunga wa vijiji unapita mule mbele ya kwenda Kindu. Msimu uliopita, katika depo moja (jina naliacha), mfuko wa mchele ulitoka juu ya rundo na kumwangukia mguuni mama mmoja aliyekuja kununua kilo tatu. Patron akampa franga za vidonge: "Pole mama, ni bahati mbaya." Watu wote wakaitika. Mama akakaa wiki tano bila kufika shambani, tena wakati wa kupalilia.

Hiyo "bahati mbaya" ndiyo inanisumbua. Kode sivile yetu, kitabu cha tatu, ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya wakati wa Leopold II, na mpaka leo inatumika. Kifungu cha 258 kinasema mwenye kumletea mwingine hasara kwa kosa lake, ailipe. Cha 259 kinaongeza uzembe: si lazima uwe ulitaka kumuumiza mtu. Cha 260 ndicho kinagusa maduka zaidi. Unajibu pia kwa vitu unavyovichunga na kwa watu uliowapa kazi. Kwa hiyo patron hawezi kusema "nenda umuone yule kijana aliyepanga mifuko". Kijana alikuwa katika kazi ya patron.

Na wenye kupanga nyumba ya mtu? Hapo wengi wanachanganya. Kifungu cha 262 kinamshika mwenye nyumba kama jengo limebomoka kwa kukosa matengenezo ao kwa kujengwa vibaya. Lakini mfuko, rafu, mawese yaliyomwagika chini, hayo ni ya mwenye kuendesha duka, hata kama ukuta si wake.

Shida kubwa ni ushahidi. Uingereza, mwaka 1976, mteja wa duka la Tesco aliteleza juu ya yogati iliyomwagika. Mahakama ya rufaa ikaona kwamba duka ndilo linapaswa kueleza lilivyokuwa linachunga sakafu yake, maana mteja atajuaje yogati imekaa pale dakika ngapi? Sheria yao haitufungi sisi, ila hoja ni ileile: mnunuzi wa kilo tatu hajui nani alipanga rundo wala lini.

Lakini rundo lenyewe linasema, na hapa masomo yangu yanasaidia kidogo. Mifuko inawekwa juu ya mbao, kila safu inapishana na ya chini kama matofali, na nafasi inaachwa kati ya rundo na ukuta. Mifuko ya plastiki iliyofumwa inateleza kuliko ya juti, basi rundo lake lisipande sana. Ukiona safu zote zimeelekea upande mmoja mpaka karibu na dari, ile itaanguka, siku tu ndiyo hatuijui. Piga picha kwa simu palepale. Mie nilipofika, walikuwa wamekwisha kulipanga upya, safi kabisa.

Sisemi patron analipa kila mara. Mteja aliyepanda juu ya rundo wakati amekatazwa, juji anaweza kumwachia sehemu ya hasara yake.

Tena kuna upande wa penali: Kode penali, kitabu cha pili, vifungu vya 52 na 54, inaadhibu kumuumiza mtu kwa kukosa uangalifu. Kwa hiyo polisi wanaweza kupokea mashtaka.

Kwetu mambo mengi yanaishia kwa chef, mbele ya majirani, na si vibaya. Ila kuja na karatasi ya muganga yenye tarehe na majina ya mashahidi wawili. Hasara si dawa peke yake: andika pesa ya pikipiki, andika siku za shamba zilizopotea na bei ya kibarua aliyepalilia mahali pako. Na kama karatasi ya mapatano inasema hutadai tena kitu, usiweke kidole mpaka muganga aseme mguu umepona.