Kumbukumbu, Hifadhi na Nguvu: Istilahi za Kuboresha Kompyuta ya Gemu kwa Fedha Kidogo

Madhumuni ya makala haya ni kuyachunguza maneno machache yanayotumika katika kazi ya kuboresha kompyuta, hasa ile ya kuchezea gemu, pale ambapo fedha ni kidogo. Huenda msomaji akadhani kwamba hili ni jambo la vijana, wala haliwahusu wafasiri, walimu na watumishi wa serikali. Sivyo. Penye fedha kidogo ndipo neno lisilo na mpaka linapoleta hasara ya papo kwa papo, na hasara hiyo huidhihirisha kasoro ya istilahi kuliko mjadala mrefu wa kikao.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Bariadi, unatupatia mfano unaofaa. Tumchukulie kijana wa Bariadi aliyenunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini ng'ambo. Anataka icheze gemu ya mpira bila kukwama, na fedha alizo nazo ni zile zilizosalia baada ya mauzo ya pamba. Kifaa asichokipata mjini hukiagiza Mwanza au Kariakoo kwa simu, nacho huletwa kwa basi. Muuzaji haioni kompyuta, na mnunuzi hakioni kifaa. Kilichopo baina yao ni maneno tu. Neno likikosewa, kifaa hurudishwa kwa gharama nyingine, tena iwapo muuzaji atakubali kukipokea.

Kompyuta yenyewe si ngeni nchini. Ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, marufuku ambayo ililegezwa baadaye. Mwaka 2004 ilitolewa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kazi ya namna hiyo ilihusu maneno yanayoonekana katika kioo. Vifaa vilivyomo ndani ya kasha vilibaki na majina ya dukani: ramu, madabodi, prosesa, pawa saplai. Majina hayo yana faida yake, maana fundi na muuzaji huyaelewa. Tatizo huanza pale mwalimu au mfasiri anapotafuta neno la Kiswahili na kulichukua lililo karibu bila kupima mipaka yake.

Kuboresha na kutengeneza

Tuanze na kitenzi. Kutengeneza ni kukirudisha kilichoharibika katika hali ya kufanya kazi. Kukarabati ni kukirudisha kilichochakaa katika hali yake ya awali. Kuboresha ni kukipa kilicho kizima uwezo ambao hakikuwa nao. Kijana wetu hatengenezi, kwani kompyuta yake haijaharibika; anaboresha. Tofauti hii si ndogo hata ofisini. Hati ya manunuzi inayosema "matengenezo ya kompyuta" humruhusu fundi kufuta vumbi na kubadili feni, kisha akadai malipo yake kwa haki, ilhali mkuu wa idara alikuwa akitarajia mashine yenye kasi zaidi.

Kumbukumbu na hifadhi

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko pote. Ndani ya kompyuta mna sehemu mbili zinazoweka taarifa. Ya kwanza hushika yale yanayofanyiwa kazi kwa wakati huo, na umeme ukizimika hupoteza yote. Ya pili huyatunza mafaili, gemu na programu hata mashine ikizimwa kwa mwaka mzima. Tukifananisha na ofisi, ya kwanza ni meza ya karani, na ya pili ni kabati la majalada. Meza ikiwa ndogo, karani hushinda akiinuka kwenda kabatini. Kabati likiwa dogo, majalada mapya hayana pa kukaa.

Wafasiri wengi wameiita sehemu ya kwanza kumbukumbu, kwa kufuata lugha ya Kiingereza. Lakini katika Kiswahili cha ofisi, kumbukumbu ni kile hasa kisichotakiwa kupotea: tunasema kumbukumbu za kikao, na kutunza kumbukumbu. Kwa hiyo neno tulilolipa sehemu inayosahau kila umeme unapokatika ndilo neno tunalolitumia kwa vitu vya kudumu. Tena, maduka ya simu yameeneza jina memori kadi kwa kile kijikadi cha kutunzia picha na nyimbo, ambacho kwa hakika ni kabati wala si meza. Na zote hupimwa kwa gigabaiti. Basi mtu anayeagiza "memori ya gigabaiti 8" aweza kuletewa kijikadi cha simu, na anayeagiza "kumbukumbu ya gigabaiti 500" anataka kitu ambacho kompyuta yake ya mezani haiwezi kukibeba, kwa kuwa alikusudia kabati akataja meza.

Pendekezo letu ni kwamba sehemu ya kwanza iitwe kumbukumbu tendaji, na ya pili iitwe hifadhi. Neno kumbukumbu peke yake lisitumike katika maandishi ya kiufundi pasipo kivumishi chake.

Hifadhi nayo ina aina mbili. Ya zamani ina sahani inayozunguka, ndiyo maana ikaitwa diski. Ya sasa haina kitu kinachozunguka, nayo husoma taarifa kwa haraka zaidi. Hata hivyo wengi huendelea kuiita diski. Hapa tunajifunza kanuni moja ya uundaji wa istilahi: jina litokanalo na umbo hupitwa na wakati umbo linapobadilika, bali jina litokanalo na kazi hudumu. Tukisema hifadhi ya diski na hifadhi tuli, tumetaja kazi kwanza, kisha tumeonyesha tofauti.

Nguvu

Neno la tatu ni nguvu. Husemwa kwamba kadi fulani ya michoro "ina nguvu", na husemwa kwamba kompyuta "haina nguvu" ya kuiendesha. Nguvu ya kwanza ni wepesi wa kuchora picha za gemu; nguvu ya pili ni umeme. Mnunuzi asiyetenganisha hizi mbili hununua kadi nzuri ambayo mashine yake haiwezi kuilisha. Kadi ya michoro hupata wati zisizozidi 75 kutoka katika ubao mkuu inapochomekwa. Ikihitaji zaidi ya hapo, sharti kuwe na waya wa ziada kutoka katika kigavi cha umeme, na vigavi vingi vya kompyuta za ofisini havina waya huo. Isitoshe, kasha la kompyuta hizo aghalabu ni jembamba, na kadi ya kimo cha kawaida haiingii.

Basi katika maandishi tuseme uwezo kwa wepesi wa kazi, na tutaje wati kwa umeme. Vilevile tutaje volti: vigavi vingine vya zamani vina swichi ya 115 na 230, na kwa kuwa umeme wetu ni wa volti 230, swichi iliyoachwa kwenye 115 huweza kukiunguza kigavi mara tu kinapochomekwa.

Kipi kianze?

Istilahi zikishatengana, hata fikra hutengana. Mkulima wa Simiyu anajua kwamba kuongeza magari ya kubeba pamba hakusaidii ikiwa mashine ya kuichambua ni ndogo. Marobota hayataongezeka, utaongezeka mlundo uwanjani. Kompyuta ni vivyo hivyo. Ikichelewa kuwaka na kufungua gemu, kikwazo aghalabu ni hifadhi ya diski. Ikikwama programu kadhaa zinapofunguliwa pamoja, tazama kumbukumbu tendaji. Picha ikiwa inakatikakatika katikati ya mchezo, huenda kikwazo ni kadi ya michoro au kichakataji, yaani prosesa. Mwenye fedha kidogo huondoa kikwazo kimoja, kile kilicho kikubwa, kabla ya kugusa kingine. Na kabla ya kununua kadi husoma kwanza wati za kigavi alicho nacho.

Agizo lililo kamili

Agizo lisemalo "naomba memori ya kompyuta" halitoshi. Lililo kamili ni hili: "Kumbukumbu tendaji ya kompyuta ya mezani, yenye alama DDR4, gigabaiti 8, kipande kimoja." Kila neno hapo lina kazi. "Ya mezani" huitenga na ile ya kompyuta ya mapajani, ambayo kipande chake ni kifupi. Alama DDR4 huitenga na DDR3, ambayo pengo lake liko mahali pengine na haiingii katika tundu lile. Alama za namna hii zisitafsiriwe. Zimechapwa juu ya kifaa, na muuzaji atazilinganisha kwa macho.

Walimu wanaombwa kuzifundisha tofauti hizi kabla ya kufundisha majina, kwa kuwa mwanafunzi aliyeelewa meza na kabati hatapotezwa na neno lolote. Watumishi wanaoandika hati za manunuzi nao wazitumie, kwani fedha ya umma ni kidogo kama ile ya kijana wetu. Na sisi tulio katika kazi ya istilahi yatupasa kuwasikiliza mafundi wa Bariadi, Maswa na Lamadi. Kiswahili kilichota neno ikulu kutoka katika lugha za Kinyamwezi na Kisukuma, na likakubalika taifa zima. Pengine jina bora kuliko hifadhi tuli limekwisha kutamkwa katika kibanda cha fundi mmoja huko, nasi hatujalisikia.