Mama Aliyestaafu na Chakula Chake

Mara nyingi katika gazeti hili tumeeleza jinsi ya kumlisha ng'ombe wa maziwa, na kuku wa mayai, na hata nguruwe. Mwezi huu, msomaji, nataka tuzungumze habari za kumlisha mwenye ng'ombe. Nasema hasa habari za akina mama waliostaafu: mwalimu, muuguzi, karani, mchumaji wa majani chai, na kadhalika mama ambaye hakuandikwa kazi popote maishani mwake, lakini watoto wamekwisha kuondoka nyumbani na jembe amemwachia mke wa mwanawe.

Mimi si daktari. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Lakini karani huona mambo. Mezani kwangu hupita madaftari ya wafugaji, na katika kila daftari huandikwa lita zilizokamuliwa na lita zilizouzwa. Nimeona kurasa nyingi ambazo hesabu hizo mbili ni sawasawa, asubuhi na jioni, mwezi mzima. Maana yake ni kwamba nyumbani hakukubaki hata kikombe kimoja. Tena mara nyingi jina lililoandikwa juu ya ukurasa ni la mama aliyepita miaka sitini.

Mamangu mzazi alikuwa mmoja wao. Alistaafu ualimu mwaka 2021, alipotimiza miaka 60, ambao ndio umri wa kustaafu katika utumishi wa umma tangu mwaka 2009. Akarudi shambani kwetu Murang'a, penye ng'ombe mmoja, kuku wachache na migomba. Mwaka uliofuata aliteleza njiani siku ya mvua, akauangukia mkono, na mfupa ukavunjika karibu na kifundo. Kuanguka kwenyewe hakukuwa kukubwa. Mtoto angeinuka na kujipangusa matope. Muuguzi aliyemhudumia hakuuliza habari za mvua. Aliuliza, "Mama, jana ulikula nini?" Mamangu akafikiri, akajibu: asubuhi chai na mkate, saa kumi chai na kiazi kitamu, na usiku chai tu, kwa kuwa hakuona sababu ya kuwasha moto kwa ajili ya mtu mmoja. Alipojisikia akisema hayo alicheka mwenyewe, maana kwa miaka mingi alikuwa akiwafundisha watoto wa shule habari za vyakula.

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akizeeka chakula hupungua, na kwamba jambo hilo halina ubaya. Hiyo ni nusu ya kweli. Kama kazi ya mwili imepungua, basi chakula cha kutia nguvu, kama vile ugali, mkate, viazi, sukari na mafuta, chaweza kupungua kidogo pia. Lakini chakula cha kujenga mwili, yaani protini, hakifai kupungua. Wataalamu wengi wa lishe ya wazee siku hizi hushauri gramu 1 hadi 1.2 za protini kila siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu, hali kijana hutosheka na gramu 0.8. Sababu yake ni hii: misuli hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na misuli ya miguu ndiyo inayokushika usianguke unapojikwaa.

Mifupa nayo ina habari yake. Mwanamke akikoma kupata hedhi, karibu na umri wa miaka 50, mwili wake huacha kutengeneza kwa wingi ile homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa. Katika miaka inayofuata mifupa hupungua uzito upesi kuliko ya mwanamume wa umri ule ule. Hakuna maumivu yanayomwonya. Huenda mama akajiona mzima kabisa mpaka siku ya kuanguka. Ndiyo maana mwanamke wa umri huo huambiwa apate miligramu 1,200 hivi za kalsiamu kila siku, nayo ni madini ya kujengea mifupa.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa maana mazoea ya ubaoni hayajaniisha. Tuseme mama ana uzito wa kilo 60. Anahitaji gramu 60 za protini au zaidi. Vipande vinne vya mkate mweupe vitampa gramu 10 hivi. Chai ya rangi haimpi kitu. Kiazi kitamu ni chakula kizuri, lakini protini yake ni kidogo mno. Kwa hiyo mama huyo amekwenda kulala na robo tu ya alichohitaji, wala hakusikia njaa, kwa sababu chai na sukari huizima njaa.

Hebu abakize nusu lita ya maziwa kila siku. Humo mna gramu 16 hivi za protini, na miligramu 600 za kalsiamu, yaani nusu ya kalsiamu yote anayohitaji. Tuseme lita moja ni shilingi 50, basi nusu lita hiyo ni shilingi 25 tu. Najua pesa za maziwa zina kazi, na mama akisema kwamba pensheni haitoshi hasemi uongo. Lakini ukiuza maziwa yote ili upate mkate na sukari, umefanya biashara ya hasara, hata kama daftari linaonyesha faida. Maziwa yachemshwe mpaka yapande, kwa kuwa maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa brusela. Kama maziwa yanamsumbua mtu tumboni, ajaribu mala. Wengi ambao maziwa ya kawaida huwajaza tumbo hawadhuriki na mala.

Yai moja lina gramu 6 za protini. Kikombe kikubwa cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu 15. Konzi ya omena waliokaushwa, kama gramu 20 hivi, ina gramu 12, tena omena huliwa na mifupa yake, na kwa hiyo kalsiamu haitupwi. Watu wa kwetu milimani walikuwa wakiwadharau omena, wakisema ni chakula cha kuku. Chakula cha kuku kweli, na kuku hao mifupa yao ni migumu! Ongeza maziwa ya hapo juu, na mahindi ya githeri, na bakuli la uji, na utaona kwamba gramu 60 hazihitaji nyama ya kila siku wala mkoba wa tajiri. Nyama ikipatikana mara moja kwa juma ni vema. Lakini yafaa kitu chochote kitokacho kwa mnyama, kama vile maziwa, yai au samaki, kisikosekane, maana vitamini B12 haimo katika mboga na nafaka, na mtu aliyezeeka huipokea kwa shida kidogo.

Kuhusu uji: uji wa wimbi ndio bora kwa mama wa umri huu. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, kiasi ambacho mahindi hayakaribii hata kidogo. Nyanya zetu walijua kumpa mzazi uji wa wimbi na njahi baada ya kujifungua. Jambo ninaloshangaa ni kwamba mama yule yule aliyepikiwa vyakula hivi akiwa na miaka ishirini na mitano haonekani kuvistahili akiwa na miaka sitini na mitano.

Tukija kwenye mboga, sukuma wiki isidharauliwe kwa kuwa ni ya kila siku. Kalsiamu yake mwili huipokea vizuri. Spinachi ina kalsiamu pia, lakini ina asidi inayoishika hata mwili hauipati kwa wingi. Managu, terere na kunde zina faida zake nyingine, hasa madini ya chuma na vitamini A, basi zibadilishwe badilishwe. Osha mboga kwanza, ndipo uikate. Ukiikata kwanza, vitamini nyingine huenda na maji ya kuoshea. Usiipike mpaka iwe kama nyasi kuukuu.

Chai nayo hatumnyang'anyi mtu. Ila isinywewe pamoja na chakula, maana majani ya chai huzuia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Ngoja kama saa moja. Badala yake weka chungwa au kipande cha papai kando ya sahani, kwa kuwa vitamini C husaidia madini hayo yapokewe. Tena hesabu sukari. Vijiko vitatu katika kila kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko kumi na viwili. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite kiasi hicho, na ingefaa zaidi kama angekomea vijiko sita. Punguza nusu kijiko kila juma. Ulimi utazoea pasipo vita. Chumvi isifike kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na katika hesabu hiyo uingize ile iliyomo katika viungo vya pakiti, ambavyo kwa sehemu kubwa ni chumvi yenyewe.

Kosa moja nimelikuta katika jiko la mamangu na katika majiko mengi: magadi katika githeri. Ni kweli magadi hulainisha maharagwe na kupunguza kuni. Lakini huharibu baadhi ya vitamini B, na ndani yake mna sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi, nayo haimfai mtu mwenye shinikizo la damu. Afadhali kuloweka maharagwe na mahindi usiku kucha, kuyamwaga maji yale, na kupika kwa maji mapya. Kuni zitapungua, na gesi tumboni pia.

Meno ni jambo ambalo wengi huona haya kulitaja. Mama akikosa meno ya nyuma huacha nyama, kisha huacha githeri, kisha matunda magumu, na mwisho hubaki na mkate uliochovywa katika chai. Hapana haja. Mukimo uliopondwa pamoja na njahi au maharagwe ni laini. Muthokoi wa Ukambani, mahindi yaliyokobolewa maganda, huiva vizuri na kulainika. Omena waweza kusagwa, kijiko kikatiwa katika mchuzi. Yai la kuchemsha, parachichi, ndizi mbivu, ndengu zilizopondwa, hivi vyote havihitaji meno.

Nimeacha jambo gumu mpaka sasa, yaani lile la kuwasha moto kwa ajili ya mtu mmoja. Mtu aliyepika kwa miaka arubaini kwa ajili ya mume, watoto na wageni, akibaki peke yake, huona kana kwamba kupika hakuna maana. Silaumu. Lakini njia zipo. Chemsha maharagwe au githeri ya siku mbili kwa moto mmoja, bila mafuta wala chumvi, kisha ukaange kiasi cha siku hiyo tu, na cha kesho ukihifadhi mahali pa baridi na kukichemsha tena vizuri kabla ya kula. Kikichacha kimwagwe, hata kama roho inauma. Tena panapo jirani mwenye hali kama yako, mwaweza kupika kwa zamu, leo kwake na kesho kwako. Mamangu hufanya hivyo na mwalimu mwenzake aliyestaafu, siku tatu kwa juma, na kwa kuwa kila mmoja hataki kushindwa na mwenzake, sufuria zao zimekuwa nzuri kuliko zilivyokuwa tulipokuwa watoto.

Maji yanywewe hata bila kiu, maana kiu hupungua mtu akizeeka. Jua la Kenya ni la bure nalo husaidia mwili kutengeneza vitamini D, ambayo mifupa huihitaji ili kupokea kalsiamu; kwa hiyo kazi ya kupalilia bustani asubuhi isiachwe yote kwa vijana. Kazi hiyo huipa misuli sababu ya kubaki.

Mwenye ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu au figo aonyeshe mpango wake wa chakula kliniki kwanza, hasa mgonjwa wa figo, kwani protini nyingi huenda isimfae. Na vidonge vya kalsiamu visinunuliwe dukani kwa kusikia kwa jirani, aulizwe daktari.

Mwisho, habari za kupanda. Mama hahitaji ekari. Vitalu viwili vya hatua tatu kwa moja, karibu na mlango wa jiko ili maji ya kuoshea mboga yamwagwe humo, vyatosha mtu mmoja na mgeni wake. Kimoja kiwe cha sukuma wiki, na kingine kigawanywe kati ya terere, managu na kunde. Mbegu za terere na managu ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga katika mistari, ndipo zisiote kwa mafungu. Terere huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne. Miche ya sukuma ipandwe jioni, na imwagiliwe papo hapo.