Mama Hakurudi na Mionzi

"Mama amemaliza mionzi ya ndani hospitali ya saratani ya Ocean Road. Akifika Kipili, akae mbali na wajukuu siku ngapi?" Hata siku moja. Akishuka kwenye gari la kutoka Namanyere ampakate mjukuu, wale migebuka sahani moja. Swali hili limeulizwa mno, na wanawake waliopona saratani ya mlango wa kizazi wanaendelea kutengewa vikombe.

Anayemuuzia majani ya "kutoa mionzi" anamla hela. Maziwa nayo hayatoi mionzi, ni chakula tu. Chanzo cha mionzi tunachotumia hospitalini ni punje ya iridiamu au kobalti, urefu wake milimita chache, kwenye ncha ya waya. Mashine huisukuma hadi ndani ya kifaa alichowekewa mgonjwa, ikasimama kwa muda uliopangwa hapa na pale, kisha huivuta na kuirudisha kwenye kasha lake. Punje ikishatoka, hakuna mionzi iliyobaki mwilini ya kutolewa. Watu huichanganya tiba hii na iodini ya tezi ya shingo: ile humezwa, na aliyeimeza hujitenga kwa muda.

Je, punje haiwezi kubaki? Imewahi kubaki. Mwaka 1992, mjini Indiana, Pennsylvania, Marekani, ilikatika ndani ya mgonjwa. Mashine ikaonyesha salama. Kengele ya chumbani ikalia, wahudumu wakadhani ni mbovu. Hakuna aliyempima mgonjwa kwa kipimo cha mkononi. Alifariki siku chache baadaye. Kipimo hicho kingeionyesha papo hapo. Majani yangefanya nini pale?

Swali la maana ni hili: punje ilisimama wapi? Tishu iliyo sentimita 1 kutoka kwenye punje, ukiisogezea punje kwa milimita 2, kiwango cha mionzi hupanda kwa zaidi ya nusu, na majirani wa mlango wa kizazi ni kibofu na puru. Skrini ya mashine kuandika namba sahihi hakutoshi. Kwenye kifaa chenye umbo la pete, waya hulalia ukuta wa nje wa mkunjo, na punje inaweza kupishana kwa milimita kadhaa na mahali ilipodhaniwa. Kwa hiyo tunabandika pete juu ya filamu, tunatuma punje, filamu inatoka madoa, nasi tunapima kutoka ncha ya pete hadi katikati ya kila doa. Iridiamu hupungua nguvu kwa nusu kila siku 74, hivyo punje hubadilishwa mara kwa mara, na kila ikibadilishwa tunapima upya.

Kwa familia: ulizeni kama mahali pa punje pamehakikiwa na kama mgonjwa hupimwa kabla ya kutoka chumbani. Damu kwenye choo au mkojo, hata miezi kadhaa baadaye, arudi hospitali. Tendo la ndoa, amuulize daktari bila aibu. Na asipande basi la Sumbawanga kurudi nyumbani kabla ya kumaliza awamu zote: tiba nzima, ya nje na ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki 8.