Je, Wajua? Gari la Zamani Bado Linatamba Ngorongoro

Magari mengi ya kitalii yanayopita Karatu kwenda Ngorongoro ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza kuuzwa mwaka 1984. Inayopendwa zaidi na mafundi ni injini ya 1HZ ya mwaka 1990: dizeli, silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo wala kompyuta ya kuongoza mafuta. Pampu yake husukuma dizeli hadi kwenye nozeli kwa nguvu ya injini yenyewe.

Faida ya injini hii huonekana baada ya lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, lami inapokwisha. Vumbi na mtikisiko huchosha vihisi na nyaya za injini zinazoongozwa na kompyuta, na taa moja ya onyo kwenye dashibodi yaweza kudai mashine ya kupimia iliyoko mjini. Hitilafu nyingi za 1HZ fundi huzitambua kwa sikio, kisha akachukua spana.

Hata hivyo si injini ya mbio. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na bila tabo gari hupanda polepole, likitoa moshi mweusi.