Makaa Yanayouzwa, Kuni Zinazopotea

Mackinnon Road hakuna anayewasha moto ili aote. Mji huu mdogo wa Kaunti ya Kwale, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, baada tu ya Taru, una joto lake la kutosha. Anayeingia jikoni saa saba mchana hutamani upepo, si moto. Mweleze mwenyeji wa hapa kwamba Ulaya kuna majiko ya kuni ya bei ghali, yenye mlango wa kioo, yanayokaa sebuleni na kazi yake ni kupasha chumba tu, naye atacheka. Lakini swali linalowakosesha usingizi wahandisi wa majiko yale ndilo hilohilo la mama anayesonga sima hapa: utapataje joto lote lililomo ndani ya ukuni bila kujaza nyumba moshi?

Jibu linaanzia kwenye mshumaa. Uwashe, uuache dakika chache, kisha uupulize taratibu uzimike. Utambi utatoa uzi mweupe wa moshi. Kabla haujapotea, peleka njiti ya kiberiti inayowaka katikati ya uzi ule, sentimita moja au mbili juu ya utambi, bila kuugusa. Moto utashuka kwa kufuata moshi na kuuwasha mshumaa tena. Moshi ule ni nta iliyogeuka mvuke, ikapaa kabla ya kupata joto la kuiunguza. Ukiupa joto, unawaka.

Kuni ni hivyohivyo. Kwanza maji yaliyomo ndani ya ukuni huchemka na kutoka. Joto likipita nyuzi 200 hivi na kuendelea kupanda, mti wenyewe huanza kuvunjikavunjika na kutoa gesi na matone madogo ya lami. Sehemu kubwa ya ukuni mkavu, kama asilimia 80 ya uzito wake, huondoka kwa njia hiyo. Kinachobaki ni kaa, nalo huungua polepole bila ulimi wa moto. Tunachokiita mwali ni gesi hizo zikiungua juu ya ukuni, wala si ukuni wenyewe. Gesi nazo zina masharti: zinataka joto la nyuzi 600 au zaidi, hewa ya kuchanganyika nayo, na nafasi ya kumaliza kuungua kabla hazijagusa kitu baridi. Zikikosa kimoja, zinatoka zilivyo. Nyingine huwa masizi kwenye sufuria, nyingine huganda kuwa lami nyeusi kwenye makuti, na nyingine tunazivuta.

Ndiyo maana mafiga matatu hutoa moshi mwingi kuliko kuni zinavyostahili. Upepo unaingia kila upande na kuupoza mwali, na tumbo la sufuria lenye maji baridi linaukata ungali mchanga. Ulaya kosa ni la upande wa pili: mtu hujaza kuni jioni, akafunga hewa ili moto ujikokote hadi asubuhi, nazo gesi zikakosa hewa zikapanda dohani mbichi. Wafini na Warusi walilikwepa kosa hilo zamani kwa kujenga majiko ya matofali yenye uzito wa tani nzima au zaidi. Wanawasha moto mkali wa muda mfupi, hawaubani, halafu matofali hukaa na joto na kulitoa polepole usiku kucha. Jiko zito namna hiyo likiletwa Mackinnon Road litakuwa hasara tupu, kwa kuwa joto litakalomezwa na udongo ndilo lililotakiwa kwenye sufuria. La kuiga kwao ni kuuacha moto uwake wazi.

Sasa tuje kwenye makaa, maana anayeipita njia hii kwa gari hawezi kukosa kuona magunia yaliyopangwa kando ya lami, yamejazwa hadi kufura. Nyanda hizi za Taru ni kavu, mvua ni ya kubahatisha, na ng'ombe wakifa kwa ukame mwenye nyumba hana pengine pa kushika ila shoka. Sina haja ya kumhukumu. Lakini hesabu ya nishati ya makaa ni chungu, na mara chache hufanywa hadharani.

Chukua kilo 10 za kuni kavu. Zina nishati ya megajuli 160 hivi. Tanuri la kufukia kwa udongo, lile la kawaida porini, hutoa makaa ya kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wa kuni. Tuseme kilo moja na nusu. Kilo moja ya makaa ina megajuli zipatazo 29, kwa hiyo tumebaki na 43 au 44. Zaidi ya 110 zimekwisha porini, zimepaa kama moshi mzito mweupe wenye methani na kaboni monoksidi ndani yake. Ukiyachoma makaa hayo kwenye jiko zuri la kauri linalofikisha asilimia 30 ya joto kwenye chungu, chakula kinapata megajuli 13. Kuni zilezile zingechomwa moja kwa moja kwenye mafiga, hata kwa ufanisi duni wa asilimia 13, chakula kingepata 20 na ushei. Na kwenye jiko la kuni lililotengenezwa vizuri, la asilimia 25, kingepata 40. Yaani mti mmoja ungefanya kazi ya mitatu.

Tarakimu hizi ni za kukadiria. Tanuri la fundi mzoefu hupunguza hasara na mafiga yaliyokingwa upepo hupata zaidi. Lakini mpangilio wake haubadiliki. Makaa yana usafi wa kweli jikoni, na ni mepesi kusafirisha hadi Mombasa, ndiyo siri ya biashara yenyewe. Moshi haukufutwa, ulihamishwa tu kutoka kwa mpishi wa mjini hadi kwa mchomaji wa porini. Marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018 hayakuigusa hesabu hii, wala kuondolewa kwake na Rais William Ruto mwaka 2023.

Hata usafi huo wa jikoni una mtego. Makaa hayatoi moshi wa kuonekana, ila hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojishika kwenye damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Huku pwani madirisha huwa wazi. Kule bara, Limuru au Kinangop, ambako Julai watu huota moto kwelikweli, jiko la makaa linaloachwa likiwaka chumbani usiku, mlango umefungwa, limeua watu wakiwa usingizini. Kwa kupasha nyumba, ni heri jiko la kuni lenye dohani inayotoka nje kuliko makaa yoyote yale.

Kenya haikukosa wabunifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilitokea jiko la kauri la makaa, lile la bati lililobanwa kiunoni, wazo lake likichotwa kwenye jiko la ndoo la Thailand. Leo limeenea hadi hakuna anayeuliza lilikotoka. Katikati ya miaka hiyohiyo Maendeleo ya Wanawake, pamoja na mradi wa nishati wa Wajerumani, walisambaza jiko la kuni lenye kauri ndani, likaitwa jiko la Maendeleo na baadaye Upesi. Hili la pili halikupata jina kubwa kama la kwanza. Nadhani sababu ni kwamba makaa hununuliwa, na anayenunua huhisi akiba mfukoni. Kuni huokotwa, na mgongo wa mwanamke haujawahi kutozwa risiti.

Ubunifu uliokuja kulibadili jiko la kuni ni wa Larry Winiarski wa Marekani, aliyeanza kulifanyia kazi mwaka 1982. Jiko lake lina umbo la kiwiko. Kuni huingia kwa mdomo mdogo wa chini, zimelala juu ya kibao cha chuma, na hewa hupita chini ya kibao hicho ili ipate moto kidogo kabla ya kukutana na ncha zinazowaka. Kisha mwali hupanda ndani ya kishimo kifupi chembamba kilichozungushiwa kitu chepesi kisichopitisha joto. Hapo gesi hupata yale masharti yote: joto halitoroki, hewa inachanganyika, na kuna kimo cha kuunguzia kabla ya kufika sufuria. Majivu ya kawaida, yakijazwa kati ya kauri na bati la nje, ni kizuizi kizuri cha joto, nayo hayauzwi. Ukiongeza mkanda wa bati kuzunguka sufuria, ukaacha mwanya wa sentimita moja hivi, hewa ya moto hulazimika kupita ikikwaruza ubavu wa sufuria badala ya kukimbilia darini.

Lakini jiko bora kuliko yote haliwezi kuuokoa ukuni mbichi. Ukuni wa kilo moja wenye maji nusu ya uzito wake una nusu kilo ya maji. Kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzi 30 hadi 100 na kisha kuyageuza mvuke kunameza megajuli 1.3 hivi. Joto hilo lingeweza kufikisha lita 4 za maji ya chai kwenye mchemko. Na hiyo ndiyo hasara ndogo! Kubwa ni kwamba mvuke unaupoza mwali chini ya zile nyuzi 600, na kuanzia hapo gesi zote zinatoka bila kuungua. Ukuni wa namna hiyo unajitangaza wenyewe: ncha yake isiyo motoni hutoa povu, hulia kama inayonong'ona, na moshi wake ni mweupe mzito wenye kuchoma macho.

Uingereza wamelifanya jambo hili kuwa la sheria. Tangu Mei 2021, kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo katika England zinatakiwa ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20, na wauzaji wengine hulazimika kuwasha matanuri ya kuzikaushia. Mackinnon Road jua linafanya kazi hiyo bure karibu mwaka mzima. Kinachotakiwa ni kupasua, kwa kuwa maji hutoka kwa shida kupitia gome. Kupanga kwa kupishanisha ili upepo upite katikati. Kuinua rundo lisikae mchangani. Na kulifunika juu tu mvua za masika zinapokaribia. Ukuni mnene kama mkono, ukipasuliwa, hukauka upesi kuliko ulioachwa mzima. Ukikauka utaona nyufa kwenye ncha, na ukigonganisha vipande viwili vitalia kwa sauti ya juu, si ule mdundo wa kuziba.

Nisije nikaonekana nauza majiko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na kiwango chake cha mwaka 2021 cha chembechembe ndogo hewani ni mikrogramu 5 tu kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Jikoni mwa kuni hesabu huwa katika mamia. Watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen waliokaa na familia za Mpala, Laikipia, walionyesha mwaka 2001 kwamba kadiri mtu anavyovuta moshi zaidi ndivyo maradhi ya kifua yanavyomzidi, na kwamba zile dakika za kuinamia moto, za kuwasha na kukoroga, zina uzito wa pekee. Kwa hiyo jiko bora linasaidia. Ila majaribio makubwa ya vijijini Malawi, yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet mwishoni mwa 2016 na kuwahusisha watoto zaidi ya 10,000, hayakuona tofauti ya nimonia kati ya nyumba zilizopewa majiko ya feni na zilizobaki na moto wa wazi. Pengine ni kwa sababu takataka zinachomwa uani, jirani anapika, majiko yanaharibika. Mwenye uwezo wa gesi au umeme achukue gesi au umeme.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu hulisahau wakija na majiko yao. Katika nyumba nyingi za Wamijikenda mahindi huwekwa uchagani, juu ya moto, na moshi huyakausha na kuwafukuza fukusi. Moshi ule una kazi. Ukiuondoa bila kuleta namna nyingine ya kuhifadhi mahindi, mama atalitoa jiko lako nje na kurudisha mafiga, naye atakuwa amepiga hesabu sahihi. Na kuhusu dohani: kuipitisha kwenye paa la makuti bila kizuizi ni kuomba balaa, cheche moja yatosha.

Kusini mwa kaunti, huko Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 unauza hewa ya kaboni ya mikoko na umepanda mivinje ili wanakijiji wapate kuni na nguzo bila kuingia mikokoni. Mvinje hautakubali ukame wa Mackinnon Road, lakini fikra yake inakubali: kuni ni zao, lipandwe kama zao. Reli ilikwishalijua hilo tangu mwaka 1902, mikaratusi ilipoletwa Kenya ili kulisha injini za treni.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, naona mahali pafaapo ni hoteli za kando ya barabara, zinazochoma kuni kutwa kwa chai na maharagwe ya madereva wa malori. Mwenye hoteli ya nyama choma ana mizani tayari. Achague ukuni mmoja katika mzigo ulioshushwa leo, aupasue, apime vipande, aandike uzito kwa kaa ubavuni mwa kimoja na kuviweka juu ya bati. Apime tena kila wiki, hadi uzito ugome kushuka. Tofauti ya kipimo cha kwanza na cha mwisho ni maji aliyouziwa kwa bei ya kuni.