Deni Ni Lake, Kesi Ni Yako: Cheki Ikibaunsi Nyeri, Wachana na Kioo cha Mtu

Chukulia hivi. Umepeleka magunia ishirini ya waru Karatina. Mnunuzi ni msee mnajuana, anakuandikia cheki ya 80,000, unaipeleka benki. Siku mbili baadaye unaambiwa akaunti haina kitu. Unapiga simu, mteja hapatikani. Unafika kwa duka yake ukiwa umewaka, unaokota jiwe, kioo kinashuka.

Asubuhi ulikuwa mtu anadai 80,000. Jioni wewe ndiye mshtakiwa, na yule mwenye deni ndiye mlalamishi. Deni lake bado liko pale pale, lakini sasa ni wewe unatafuta mtu wa kukutoa cell.

Hii story inajirudia kila mahali kutoka Murang'a hadi Meru: mkopo wa chama, kodi ya nyumba, pesa ya kahawa, shamba ya guka. Wasee wengi hawajui kwamba sheria ya Kenya inaangalia kuvunja na kudaiwa kwa macho mawili tofauti kabisa. Wacha tuichambue polepole.

Kuvunja: sheria haina huruma na hasira

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 339, inasema mtu yeyote anayeharibu mali kwa makusudi na bila haki ametenda kosa. Adhabu inaweza kufika miaka mitano jela. Hakuna mahali imeandikwa kwamba mali lazima iwe ya bei fulani. Side mirror ya matatu inatosha. Simu ya ex wako uliyoigonga ukutani pia inatosha.

Ili ufungwe, upande wa mashtaka lazima uonyeshe mambo manne: mali ilikuwepo na ina mwenyewe, iliharibiwa, wewe ndiye uliiharibu, na ulifanya hivyo makusudi bila ruhusa ya sheria. Ndiyo maana karao hupiga picha, na mlalamishi huletewa fundi akadirie hasara. Kosa lenyewe kwa Kiingereza limebeba neno la nia mbaya, lakini korti haitapasua moyo wako kutafuta chuki. Inatafuta kama ulikusudia.

Kwa hivyo ajali ni kitu kingine. Boda ikiteleza kwa matope Othaya igonge kibanda cha mama mboga, hapo hukukusudia kuharibu. Utalipa hasara, na unaweza kuwa na kesi ya trafiki kama uliendesha vibaya, lakini hiyo haiingii kifungu cha 339.

Moto nao uko ligi yake. Kuchoma jengo la mtu ni kifungu cha 332, na adhabu inaweza kuwa kifungo cha maisha. Kuchoma mimea shambani ni kifungu cha 334, hadi miaka 14. Yule jamaa anayesema "nitamchomea tu hiyo stoo kidogo" hajui ameruka kutoka miaka mitano hadi maisha kwa kiberiti kimoja.

"Lakini hii shamba ni yetu!"

Huku Mlimani kesi nyingi za kuharibu mali zinaanzia kwa shamba. Broo amekata fensi ya broo, binamu ameng'oa miche ya kahawa, shangazi amerudi nyumbani akapata majani chai yake yamefyekwa. Wote wanasema kitu kimoja: hii ni ya guka, nami nina haki.

Sheria inasikia hiyo. Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu hana hatia ya kosa la mali kama alifanya kitendo akiamini kwa kweli kwamba ana haki, bila nia ya kulaghai. Shida iko kwa hilo neno "kwa kweli". Kama korti ilishaamua shamba ni ya nani, au ulipewa barua ya kusimamisha kazi ukaenda na panga usiku, itakuwa ngumu sana kumshawishi hakimu kwamba uliamini una haki. Mtu anayeamini shamba ni yake huenda kwa msajili wa ardhi mchana. Hangoji saa nane za usiku.

Na maandamano je?

Juni 25, 2024, siku Gen Z walipoingia Bunge, moto ulifika pia huku. Ofisi ya UDA mjini Embu ilichomwa, na mjini Nyeri supermarket iliporwa. Kipengele cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Hiyo haki haifiki kwa mlango wa duka la mtu. Unaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kuwa barabarani, na bado ukashtakiwa kwa kioo ulichopasua.

Lakini kumbuka yale mambo manne. Kuwa kwa crowd tu hakutoshi kukufunga kwa kuharibu. Lazima waonyeshe ni wewe. Na mambo yamekuwa mazito: mwaka 2025 baadhi ya vijana waliokamatwa baada ya maandamano walishtakiwa chini ya sheria ya kuzuia ugaidi. Video uliyojirekodi ukishangilia ndani ya duka inaweza kuwa shahidi namba moja.

Cheki: kudaiwa si uhalifu, kudanganya ni uhalifu

Sasa turudi kwa doo. Kukosa kulipa deni peke yake hakukufanyi mhalifu Kenya. Ni kesi ya madai, mtu na mtu. Cheki inabadilisha hali kidogo.

Tangu 2003, Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 316A. Unatenda kosa ukiandika cheki huku unajua akaunti haina pesa ya kutosha, ama unajua imefungwa, ama ulishaambia benki isiilipe. Adhabu ni faini isiyozidi 50,000, au jela isiyozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Neno kubwa hapo ni "unajua". Kama ulikuwa na sababu ya kweli kuamini pesa imeingia, kesi ya jinai inaanza kuyumba. Halafu kuna sehemu moja wafanyabiashara wengi hawaijui: ile hoja ya akaunti kukosa pesa haihusu cheki iliyoandikwa tarehe ya mbele. Kwa hivyo yule mteja anayekupa cheki leo na kukuambia "ipeleke tarehe thelathini" amekupa ahadi. Ikibaunsi, usitegemee kifungu hicho kumtisha. Njia yako hapo ni korti ya madai. Kabla hujakubali cheki ya tarehe ya mbele, jiulize kama ungemkopesha huyo mtu hizo pesa mkononi, maana ndicho unafanya.

Mtu aliyekudanganya kuhusu jambo ambalo tayari lipo, kwa mfano amejifanya ana kampuni ambayo haipo ndiyo umpe mzigo, anaweza kuangukia kifungu cha 313, kupata mali kwa udanganyifu, hadi miaka mitatu.

Kando ya jinai kuna Sheria ya Hati za Malipo, Sura ya 27. Hii ndiyo inasema aliyeandika cheki anabaki na deni ikikataliwa. Inakugusa hata wewe uliyesaini nyuma ya cheki ukampa mtu mwingine: ikibaunsi, anaweza kurudi kwako. Karatasi ya ahadi ya kulipa, ile mtu anaandika "nitalipa kiasi fulani tarehe fulani" akatia sahihi, nayo inashika kortini. Na usisaini mdhamini wa mkopo kwa sababu umeshikwa na aibu kwa mkutano wa chama. Sahihi yako ni pesa yako.

Unaweza fungwa kwa deni?

Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, mtoto wa Meru ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba kunagongana na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kenya iliukubali 1972. Mwaka 2012 Jaji David Majanja akasema jela ya madeni bado ipo kisheria, ila lazima utaratibu ufuatwe na mdaiwa asikilizwe kwanza. Kwa lugha ya mtaa: mtu asiye na kitu hafai kufungwa kwa umaskini wake, lakini mwenye uwezo anayeficha mali anaweza kupelekwa. Na anayedai ndiye hulipia chakula cha mfungwa huyo.

Mikopo ya simu iko hivyo hivyo. Usipolipa, unaweza kuripotiwa CRB, na unaweza kushtakiwa udaiwe. Lakini kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza wakopeshaji wa kidijitali kukutisha ama kupigia watu wa phonebook yako kukuaibisha.

Cheki imebaunsi, ufanye nini?

1. Weka cheki yenyewe na karatasi ya benki inayoonyesha sababu ya kukataliwa. Hiyo ndiyo silaha yako.

2. Mjulishe aliyeiandika haraka, kwa maandishi. WhatsApp ni sawa kuanzia, barua ni bora zaidi. Mpe siku za kulipa.

3. Kama dalili zinaonyesha alijua, kwa mfano akaunti ilifungwa zamani, piga ripoti polisi na uchukue namba ya OB.

4. Nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60. Na kwa kuwa benki zetu hazipitishi cheki ya zaidi ya milioni moja tangu 2009, cheki moja karibu kila wakati itatosha hapo. Mahakama hiyo hiyo inasikiliza pia madai ya mali iliyoharibiwa.

5. Usilale. Deni la mkataba lina miaka sita kabla ya mlango kufungwa. Dai la hasara ya mali iliyoharibiwa lina miaka mitatu tu.

Na kama tayari umevunja?

Usitoroke. Ukikamatwa, unafaa kufikishwa kortini ndani ya saa 24, na bondi ya polisi hailipiwi. Tafuta wazee, tafuta mlalamishi, toa pesa ya kutengeneza mapema. Kuharibu mali chini ya kifungu cha 339 ni kosa dogo kisheria hata kama miaka mitano haionekani midogo, na korti inaweza kuhimiza mpatane. Kesi ya moto ni jinai kubwa, usitegemee kikao cha chai. Kama huna pesa ya wakili, uliza kuhusu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016.

Na hapa ndipo vijana huumia zaidi. Ukipatikana na hatia, korti inaweza kukuamuru ulipe fidia juu ya adhabu, na rekodi inabaki. Siku utaenda kuchukua certificate ya good conduct ndiyo upate kazi Qatar ama uandikwe kampuni ya security, hicho kioo kitakuwa kinakungoja.

Shea hii na yule msee wa mbogi yenu anayependa kusema "nitamwonyesha". Mwambie amwonyeshe kwa hakimu, akiwa na karatasi ya benki mkononi.