Haki Zinazotangulia Mgawanyo wa Mirathi



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu na kumswalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), leo tunataka kueleza habari ya mirathi, jambo linalowatenga ndugu waliokula sahani moja, na mara nyingi ugomvi wake huanza kabla matanga hayajaanuliwa.

Sahaba Saad bin Rabii (R.A.) aliuawa katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Huyu ndiye Ansari aliyempokea Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Alipokufa, ndugu yake aliichukua mali yote, kwa desturi ya Waarabu wa zama za ujahili, ambao hawakuwarithisha wanawake wala watoto wadogo. Binti wawili wa mtu aliye karimu kiasi hicho wakabaki mikono mitupu! Mama yao akawachukua mpaka kwa Mtume (S.A.W.), akamshitakia. Mtume hakukata shauri kwa rai yake. Alingoja hukumu ya Mola wake, na aya ya mirathi ikashuka, nayo imo katika Suratun Nisaa. Ndipo alipomwamuru yule ami awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na kitakachosalia kiwe chake.

Tupige hesabu. Mali ikifanywa mafungu 24, mabinti wanapata 16, yaani 8 kila mmoja, mjane 3, na ami 5. Basi ami naye alikuwa na haki, wala hakunyimwa. Tena hatumlaumu kwa alilolifanya mwanzo, kwani hukumu ilikuwa haijashuka. Sisi tunaoisoma tangu chuoni tutatoa udhuru gani?

Lakini mafungu haya hayahesabiwi mpaka haki nyingine zitolewe. Kwanza ni gharama za maziko. Kisha ni madeni yote, na hapa ndipo wengi wanapodhulumu kwa kutojua au kwa kujifanya hawajui. Mahari ambayo mume hakuilipa ni deni. Mjane hulipwa mahari yake kamili, kisha ndipo apewe thumuni yake, au robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto. Vile vile cherehani aliyoinunua kwa fedha zake, vyombo alivyotoka navyo kwao na dhahabu aliyotunzwa si mali ya marehemu hata kidogo. Tumeona shemeji wakibeba mpaka kitanda, na mwenyewe yumo edani, hana wa kumsemea.

Baada ya madeni hutolewa wasia. Wasia hauzidi theluthi ya kilichobaki, wala hausiwi kwa mrithi, ila warithi wenziwe wakiridhia baada ya kifo. Saad bin Abi Waqqas (R.A.), alipougua na mrithi wake ni binti mmoja, alitaka kutoa theluthi mbili, kisha nusu, Mtume akamkatalia zote, akamkubalia theluthi, naye akamwambia kuwa hata hiyo ni nyingi. Basi mtu anayeandika kwamba nyumba yote ni ya kitinda mimba wake ameandika lisilokuwa na nguvu.

Jambo jingine ni kuchelewesha. Nyumba huachwa haijagawiwa, kaka mkubwa akapokea kodi miaka kumi, akiulizwa husema yeye ndiye msimamizi. Kuteuliwa na kadhi au mahakama kuwa msimamizi hakumpi mtu fungu hata moja zaidi ya lile alilopewa na Mwenyezi Mungu. Kodi ile ni ya warithi wote kwa mafungu yao, na atatoa hesabu yake. Na dada akifa kabla ya mgawanyo, fungu lake halirudi kwa kaka zake kwa sababu tu hakulishika mkononi: linahesabiwa kuwa limo katika mali yake, nalo litagawiwa warithi wake yeye, mumewe na wanawe wakiwamo. Hesabu ya namna hii wanavyuoni huiita munasakha. Ni ngumu, basi wapelekeeni wajuzi wa mirathi majina ya warithi wote, walio hai na waliokwisha kufa, pamoja na tarehe ya kila kifo.